Hedhi Ikikoma, Macho Yapimwe

Mwanamke wa Bunia anapokaribia miaka 50, mambo mawili humfika karibu kwa wakati mmoja. Hedhi inaruka mwezi, inarudi, inaruka mingine mitatu, hatimaye inakoma. Na macho ambayo hayakuwahi kumsumbua yanaanza vituko: jioni yanawasha kama yana mchanga ndani, barabarani yanatiririka machozi kila motari anapopita na vumbi lake, na usiku herufi za Biblia hazisomeki mpaka kitabu kisogezwe mbali na uso. Akilalamika nyumbani, anaambiwa ni umri. Akienda farmasi, anauziwa kichupa cha matone bila mtu kumchungulia jicho. Jibu la kwanza ni nusu ya ukweli. La pili linaweza kumgharimu macho.

Katikati ya majibu hayo kuna swali ambalo madaktari wa macho na wa wanawake wamelichambua kwa zaidi ya miaka 20: kukoma hedhi kunalifanya nini jicho, na kuurudishia mwili homoni zilizopungua kunalisaidia au kunaliumiza? Utafiti mwingi umefanyika Marekani na Ulaya. Makala haya yanayapima majibu ya utafiti huo kwa kipimo cha soko kuu la Bunia: yapi yanamhusu mama anayeuza maharage pale, na yapi hayamgusi.

Tezi za ukingo wa kope

Ukomo wa hedhi huhesabiwa pale mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, bila mimba wala dawa iliyoizuia. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ovari zinapunguza kutengeneza estrojeni na projesteroni. Androjeni, homoni ambazo watu huzidhania kuwa za wanaume peke yao, zinakuwa zimeanza kushuka polepole miaka mingi kabla.

Jicho linaingiaje hapo? Vipokezi vya homoni hizi vimekutwa karibu kila sehemu ya jicho: kwenye tezi ya machozi, kwenye konea, kwenye lenzi, hata kwenye retina kule nyuma. Lakini mahali pa kuanzia ni ukingo wa kope. Ukivuta kidogo kope ya chini mbele ya kioo, penye mwanga mzuri, utaona safu ya vitundu vidogo sana nyuma ya nywele za kope. Kila kitundu ni mdomo wa tezi ya mafuta. Kope ya juu ina tezi kama 30, ya chini ina pungufu kidogo. Kila tunapopepesa, tezi hizo hutoa mafuta mepesi yanayotanda juu ya machozi ili yasikauke upesi. Zinazozichochea kufanya kazi hiyo ni androjeni. Androjeni zikipungua, mafuta yanakuwa machache na mazito, vitundu vinaziba, na machozi yanakauka kabla hatujapepesa tena.

Hapo ndipo linapoeleweka jambo linalowachanganya wengi, kwamba jicho kavu linaweza kutoa machozi mengi. Uso wa jicho ukikauka unauma, na mwili unayajibu maumivu hayo kwa kumwaga maji kutoka tezi kubwa ya machozi. Maji hayo hayana mafuta ya kuyashikilia, kwa hiyo yanashuka mashavuni na jicho linabaki kavu vilevile. Mama anayefuta macho kwa kitenge mchana kutwa huenda anaumwa ukavu, na matone ya "kukausha machozi" yatamzidishia.

Dawa iliyotarajiwa kusaidia

Mtu angefikiri jibu ni rahisi: kama homoni zimepungua, zirudishwe. Mwaka 2001 Debra Schaumberg na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya uchunguzi wa wanawake 25,665 wa Marekani waliokwisha koma hedhi. Miongoni mwa wale ambao hawakuwahi kutumia tiba ya homoni, waliokuwa na tatizo la macho makavu walikuwa asilimia 5.93. Kwa waliotumia estrojeni pamoja na projesteroni, walikuwa asilimia 6.67. Kwa waliotumia estrojeni peke yake, asilimia 9.05. Baada ya kuzingatia umri na mambo mengine, uwezekano wa kupata ukavu ulikuwa juu kwa asilimia 69 kwa watumiaji wa estrojeni peke yake, na kwa asilimia 29 kwa watumiaji wa mchanganyiko. Tena kila miaka 3 ya matumizi iliongeza hatari kwa asilimia 15.

Maelezo yake yanarudi kwenye zile tezi za kope. Estrojeni inaonekana kuzipunguzia mafuta badala ya kuziongezea. Pia estrojeni inayomezwa hupandisha katika damu protini inayozishika androjeni, hivyo kiasi kidogo kilichobaki kinapungua zaidi. Kweli, uchunguzi huu uliwaangalia wanawake waliojichagulia dawa, haukuwagawa kwa kura, na zipo tafiti ndogo zilizoona nafuu kwa baadhi yao. Hata hivyo, uzito wa ushahidi unatosha kusema hivi: hakuna sababu ya kumpa mwanamke homoni kwa ajili ya macho makavu, na anayezitumia kwa sababu nyingine amwambie daktari wake macho yakianza kuwasha.

Glakoma, na habari inayomhusu mwanamke mweusi

Ukavu unasumbua, ila ni mara chache kumpofusha mtu. Glakoma ndiyo inayopofusha. Majimaji ya ndani ya jicho yanashindwa kutoka vizuri, shinikizo linapanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo inakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Mara nyingi hakuna maumivu. Kinachopotea hakirudi. Shinikizo hili si ile presha inayopimwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na damu yenye presha ya kawaida huku jicho lake likiangamia. Watu wenye asili ya Afrika huipata glakoma kwa wingi zaidi, mapema zaidi, na kwa ukali zaidi. Katika wilaya ya Kongwa, Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulipima watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi, na asilimia 4.16 walikutwa na glakoma.

Homoni zinaingia hapa kwa sura nyingine. Uchunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, uliona kwamba wanawake waliokoma hedhi kabla ya miaka 45 walikuwa na glakoma zaidi kuliko waliochelewa. Kisha ukaja mradi mkubwa wa Marekani unaoitwa Women's Health Initiative, ambao uliwagawa wanawake kwa kura: wengine wakapewa homoni, wengine vidonge vitupu. Mwaka 2016 Thasarat Vajaranant na wenzake walionyesha kwamba estrojeni peke yake ilishusha shinikizo la jicho kwa nusu milimita tu ya zebaki. Ni kidogo sana, ukikumbuka kwamba kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21. Lakini mwaka 2018 walipoangalia nani aliugua glakoma hasa, wanawake weusi wa Marekani waliopewa estrojeni peke yake waliugua kwa kiasi cha kama nusu ya weusi wenzao waliopewa vidonge vitupu. Kwa wanawake weupe hapakuwa na tofauti.

Habari hiyo inavutia, na inahitaji kushikwa kwa tahadhari. Estrojeni peke yake walipewa wanawake waliokwisha tolewa mji wa mimba, kwa sababu kwa mwenye mji wa mimba huleta hatari ya saratani ya mfuko huo, na hivyo lazima ichanganywe na projesteroni. Kwa waliopewa mchanganyiko, kinga hiyo haikuonekana. Tena mradi haukupangwa kwa ajili ya glakoma. Swali hili liliulizwa baadaye. Kwa hiyo mwanamke wa Bunia hana cha kumeza kutokana na habari hii. Anacho cha kujua, nacho ni kwamba kukoma hedhi mapema, iwe kwa maumbile, kwa upasuaji au kwa ugonjwa, ni sababu mojawapo ya kupimwa neva ya jicho mapema.

Lenzi, retina na mishipa ya damu

Kwa mtoto wa jicho ushahidi unagongana. Zipo tafiti zinazoona estrojeni ikiilinda lenzi, lakini ule wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, wenye wanawake zaidi ya 30,000, uliona watumiaji wa homoni wakifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwa asilimia 14 zaidi. Kwa ugonjwa wa uzeeni unaoharibu kitovu cha retina, mchanganyiko wa homoni ulionyesha dalili za kupunguza aina moja mbaya ya ugonjwa huo bila kupunguza ugonjwa wote kwa jumla. Ugonjwa huo ni wa kawaida zaidi kwa Wazungu kuliko kwa Waafrika, kwa hiyo hapa haupaswi kutuchukulia muda.

La kuzingatia ni mishipa. Estrojeni ya kumeza huongeza hatari ya damu kuganda, na ndiyo sababu mojawapo iliyofanya sehemu ya kwanza ya mradi ule wa Marekani, yenye wanawake 16,608, isimamishwe Julai 2002, pamoja na ongezeko la saratani ya matiti na kiharusi. Damu ikiganda katika mshipa wa retina, uoni wa jicho hilo unaweza kupotea ghafla. Baadaye ilieleweka kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na kwamba kwa aliye chini ya 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida za tiba kwa joto la ghafla, usingizi na mifupa mara nyingi huzidi hatari. Homoni inayopita kwenye ngozi kwa kiraka nayo haigandishi damu kama ya kumeza. Mwenye presha ya damu, kisukari, historia ya kiharusi au damu kuganda anabaki kuwa wa kupimwa kwa makini kwanza.

Homoni zilizopo Bunia

Tiba ya homoni inayozungumzwa katika tafiti hizo si kitu ambacho mama atakikuta katika kituo cha afya cha kawaida cha jimbo letu la Ituri. Homoni zinazofika mpaka vituoni ni za uzazi wa mpango: vidonge, sindano, vijiti vya mkononi. Hapo pana mitego miwili.

Wa kwanza ni kudhani vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kutumika kama tiba ya ukomo wa hedhi. Vile vyenye estrojeni vimetengenezwa kwa nguvu ya kulizuia yai lisitoke, na nguvu hiyo imezidi ile inayohitajika kutuliza joto la ghafla. Kwa mwanamke wa miaka 50 mwenye presha ya damu, ambaye pengine hajui kama anayo, ni kujitafutia kiharusi au kupoteza jicho kwa damu kuganda. Wa pili ni sindano na vijiti, ambavyo vinaweza kuisimamisha hedhi vyenyewe. Mwanamke wa miaka 47 anayechomwa sindano anaweza kudhani amefika ukomo kumbe ni dawa, au akawa amefika bila kujua. Muuguzi anayemhudumia ndiye wa kumweleza, na wengi hawaelezi kwa sababu hawaulizwi.

Vumbi, moshi na mito

Kupungua kwa homoni kunaliandaa jicho lidhoofike. Mazingira ndiyo yanalimaliza. Bunia iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, karibu kabisa na ikweta, na jua lake ni kali. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu halitui. Nyumba nyingi zinapikia makaa au kuni. Kule Tchomia na Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, wanawake wanaokausha samaki kwa moshi wanainamia majiko hayo saa nyingi kila siku. Moshi huukera uso wa jicho ambao tayari hauna mafuta ya kutosha, na moshi wa kupikia unahusishwa pia na mtoto wa jicho.

Tena si kila jicho linalowasha Ituri ni la ukomo wa hedhi. Jimbo hili lina usubi, ule upofu wa mitoni unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mito yenye kasi. Maeneo kama ya zoni ya afya ya Logo yanajulikana kwa ugonjwa huo. Upande wa msituni kuna mnyoo unaoonekana ukipita juu ya jicho, nao unahitaji uangalifu, kwa sababu aliye na mabuu yake mengi katika damu anaweza kudhurika vibaya akimeza ivermektini bila kupimwa. Mama aliyetoka vijiji vya mtoni au msituni akakimbilia Bunia kwa ajili ya vita amekuja na historia hiyo ya macho yake. Anayemhudumia hana budi kumuuliza ametoka wapi kabla ya kuamua kwamba ni umri.

Umri nao una lake. Kuanzia miaka 40 lenzi inakuwa ngumu na kuona karibu kunapotea kwa kila binadamu, mwanamume kwa mwanamke. Huko Kongwa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta hali hiyo kwa asilimia 62 ya watu wa miaka 40 na zaidi, na wanawake walikuwa nayo zaidi. Muuza maharage asiyeona kijiwe kilichochanganyika na punje, au asiyetofautisha haraka noti ya faranga 5,000 na ya 10,000 jioni taa zikiwa hafifu, anapoteza pesa na wateja. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Hakuna homoni itakayoirudisha lenzi ujanani, wala hakuna tone.

Kichupa cha farmasi

Hatari kubwa kuliko zote hizi inauzwa hadharani. Matone mengi yanayotuliza macho haraka yana deksamethasoni, prednisoloni au betamethasoni, mara nyingi yakichanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Siku ya pili wekundu umeondoka na muwasho umetulia, na mama anakuwa mteja wa kudumu. Akiyatumia kwa miezi, kwa baadhi ya watu shinikizo la jicho hupanda, glakoma ikajijenga kimyakimya na mtoto wa jicho akaja mapema. Kwa mtu ambaye asili yake na umri wake tayari vinamweka karibu na glakoma, hakuna kosa baya zaidi. Maji ya majani, mkojo na maziwa ya mama vinavyotiwa machoni navyo vinaweza kuleta vidonda vya konea, na kovu la konea haliondoki kwa kuosha.

Kinachosaidia ukavu ni cha bei nafuu. Kitambaa safi kilichochovywa maji ya moto yanayovumilika kiwekwe juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha kope zikandwe taratibu kuelekea ukingoni ili mafuta yaliyoziba yatoke, asubuhi na jioni. Matone ya kulainisha yasiyo na dawa ndani, yanayoitwa machozi ya bandia, hutumika kila inapobidi. Husaidia pia kofia pana au miwani ya kuzuia upepo barabarani, jiko nje au penye kupitisha hewa, na kupepesa macho kwa makusudi unapokodolea simu. Samaki wa ziwa ni chakula kizuri, lakini vidonge vya mafuta ya samaki havina haja: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, lenye wagonjwa 535, lilikuta havishindi mafuta ya zeituni katika kutibu ukavu wa macho.

Mama asiye na miadi

Mfumo wetu wa afya unamjua mwanamke vizuri maadamu anazaa. Ana karatasi ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, anapimwa uzito, anarudi na mtoto kwa chanjo. Siku hedhi inapokoma, miadi yake na kituo inakoma nayo. Hakuna tarehe nyingine anayopewa mpaka augue. Na hiyo ndiyo miaka ambayo glakoma huweza kuanza, kuona karibu kunapotea, lenzi inaanza kuwa na ukungu na tezi za kope zinaziba. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba vipofu duniani walikuwa milioni 43, na asilimia 55 yao wanawake. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwa sababu wanawake huishi muda mrefu zaidi. Sehemu nyingine ni kwamba hawafiki kwa daktari.

Kwa Ituri kufika kwenyewe ni safari. Wengi wa madaktari bingwa wa macho wa nchi hii wako Kinshasa. Vita vimevuruga hata kile kilichokuwepo: hospitali ya CME Nyankunde, iliyokuwa tegemeo la eneo zima, ilivamiwa Septemba 2002, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa, na huduma zake zikahamia Bunia na kwingineko kabla ya kufufuliwa tena. Hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021 kwa sababu ya vita hivyo inaeleza yenyewe usalama wa barabarani ulivyo. Kwa hiyo kusema kila mama aende kwa bingwa kila mwaka ni maneno ya bure.

Kinachowezekana ni kidogo, na kinatosha kuanzia. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuwa na bango la herufi E ukutani, kurunzi, na maswali manne: hedhi ilikoma lini, kuna mtu wa familia aliyepofuka bila maumivu, unatumia matone gani, nioneshe kichupa, na una presha ya damu au kisukari? Majibu hayo yanatosha kuchagua nani apewe miwani, nani afundishwe kukanda kope, na nani apandishwe pikipiki kwenda hospitali kupimwa shinikizo la jicho na neva. Anayepoteza uoni ghafla, au mwenye jicho jekundu linalouma pamoja na kutapika, huyo aende siku hiyohiyo.

Homoni, kwa yale yanayojulikana leo, si dawa ya macho. Zinaweza kumfaa mwanamke kwa mambo mengine, kwa ushauri wa daktari, lakini kwa jicho hutoa huku na kuchukua kule. Mama, mwaka hedhi yako itakapokoma, weka mguu wako kituoni kama ulivyokuwa ukiuweka wakati wa mimba, ukapimwe presha ya damu, uoni, na ikiwezekana shinikizo la jicho. Na kile kichupa ulichouziwa bila kupimwa, kipeleke kikasomwe kabla hujatia tone jingine.